Shaba, Chuma na Hamira

Kuna karatasi iliyobandikwa ukutani mwa maabara. Ina safu mbili. Upande mmoja yameandikwa madini yenye faida kwa viumbe, na chuma kimo humo. Upande wa pili ni madini ya sumu, na shaba imewekwa pamoja na zebaki na risasi. Niliikariri nilipokuwa kidato cha pili, na juzi nilipokuja kuwatembelea niliikuta ingali pale pale. Naona yafaa iondolewe.

Wenye kuitetea watasema majaribio yameithibitisha. Hata mimi nilijaribu. Tulitia hamira na sukari katika chupa mbili za maji ya uvuguvugu, na moja tukaiongeza mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu. Chupa ya kwanza ilitoa povu hadi likamwagika mezani. Ya pili ikanyamaza kimya. Nikaandika, "Shaba huua hamira," nikapewa alama zote. Nilifurahi mno, na kwa miaka mingi sikuuliza neno jingine.

Kumbe tulikuwa tumetia kijiko kizima! Hatukujaribu kidogo, wala hatukujaribu kuinyima hamira shaba kabisa. Wataalamu waliofanya hivyo waliona ajabu. Hamira haiwezi kuishi bila chuma, na chuma kikiwa haba hukivuta kwa msaada wa protini iliyo kwenye utando wa seli, iitwayo Fet3, ambayo kazi yake ilielezwa mwaka 1994. Protini hiyo hushika atomu 4 za shaba, na bila hizo haifanyi kazi. Basi mahali penye chuma kidogo, ambapo wenzake wanapata riziki, seli isiyo na shaba hudumaa kwa njaa ya chuma.

Na shaba ikizidi? Seli ina protini ndogo ya kuifunga, Cup1, na hamira zenye nakala nyingi za jeni yake huvumilia mrututu kuliko nyingine. Uwezo huo ukipita kipimo, shaba huvunja viungo vya chuma na salfa vilivyo ndani ya protini. Kwa hiyo ikikosekana, chuma hakiingii vizuri. Ikizidi, kilichokwisha kuingia huharibiwa kazi yake. Hata chuma chenyewe, mpendwa wa karatasi ile, seli haikipokei ovyo. Protini iitwayo Aft1 huamsha jeni za kukitafuta kinapopungua, na kikitosha huziacha zilale. Kama ni faida tupu, mbona mlango hufungwa?

Wala msidhani haya ni ya hamira tu. Mwaka 1928 wataalamu wa Wisconsin, Marekani, walionyesha kuwa panya waliolishwa maziwa peke yake walipungukiwa damu, na chuma safi hakikuwaponya mpaka kilipoongezwa shaba. Tena kuna magonjwa mawili ya kurithi. Katika ugonjwa wa Menkes mwili wa mtoto haupati shaba ipasavyo, na wengi hufa wakiwa wadogo. Katika ugonjwa wa Wilson shaba hurundikana katika ini na ubongo. Mtoto mmoja hufa kwa kukosa kile kinachomdhuru mwenzake. Daktari aliyefundishwa kwa safu mbili atawatazamaje watoto hao?

Najua mtahini anataka jibu fupi. Mpeni. Lakini chama cha sayansi kipange chupa 10, ya kwanza bila mrututu, na nyingine kila moja iwe na nusu ya kipimo cha ile inayoifuata. Chupa hizo hazitawaonyesha upungufu, maana hamira yenyewe ina shaba kidogo tayari. Zitawaonyesha mpaka ulipo. Mtu asionje. Pakiti za hamira nimemwachia mwalimu wa maabara, na mrututu anao. Nangoja kusoma katika toleo lijalo ni chupa ya ngapi iliyoacha kutoa povu.