Majumba yenye nguzo na nyumba aliyofichwa King

Wadau, leo naomba tuziache siasa pembeni kidogo tuzungumzie majengo. Ingawa mtaona siasa zimenifuata hukohuko.

Twende Kaunti ya Hale, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Ni shamba hasa: sensa ya 2020 ilikuta watu wasiofika 15,000. Makao makuu ni mji mdogo wa Greensboro, ambao mitaa yake ya zamani imo kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria tangu miaka ya 1970.

Kinachovuta macho pale ni majumba ya matajiri wa pamba. Mojawapo ni Magnolia Grove, lililojengwa karibu mwaka 1840, lenye nguzo nene mbele. Leo ni makumbusho ya serikali ya jimbo. Nyuma yake bado kimesimama kibanda cha watumwa. Jumba ni zuri, sibishi. Lakini fedha ya nguzo zile ilitoka kwenye jasho la watu wa aina ya wale wa kibandani.

Mji huohuo una nyumba nyingine. Ni ya mbao, nyembamba, vyumba vinafuatana kama mabehewa ya treni, korido hakuna. Machi 21, 1968, Martin Luther King alifichwa humo usiku, Ku Klux Klan wakimsaka. Siku 14 baadaye akauawa Memphis. Hebu niambieni, ipi kati ya nyumba hizi ina historia nzito zaidi?

Nyumba hiyo iliokolewa na mama mmoja, Theresa Burroughs, mpigania haki ya kupiga kura, aliyeigeuza makumbusho. Baadaye ilikarabatiwa na wanafunzi wa Rural Studio, tawi la Chuo Kikuu cha Auburn linalofundisha usanifu majengo katika kaunti hiyo tangu 1993.

Wengi hudhani jengo likishaingia kwenye orodha limepona. Wapi! Orodha hiyo, iliyotokana na sheria ya 1966, haimzuii mwenye nyumba kuibomoa kwa fedha zake. Kinachoweza kumzuia ni sheria ndogo za mji wake. Serikali kuu hutoa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama za ukarabati, lakini kwa jengo linaloingiza kipato tu: duka, hoteli, nyumba ya kupangisha. Bibi anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, paa linavuja, hapo hana chake.

Na mbao haina subira. Bati likitoboka maji yanaingia, mchwa wanafuata, na baada ya miaka michache nyumba imelala chini. Hakuna aliyeibomoa, na hakuna wa kulaumiwa.

Kuna atakayesema: nyumba ndogo ni nyingi na zinafanana, utahifadhi ngapi? Swali zuri. Sisemi zote. Nasema wazee wa mitaa hiyo waulizwe sasa: wapi palifanyika mikutano, wapi watoto walifundishwa, nani alimficha nani. Majumba makubwa yana hati, barua na picha za kuyasemea. Nyumba ndogo mara nyingi haina kitu zaidi ya kumbukumbu ya mtu mmoja, na mtu huyo akiondoka inabaki mbao tupu. Mama Burroughs alifariki 2019. Bahati nzuri alikuwa ameshasimulia.

Kwa hiyo mimi ningekuwa na fungu la fedha la kuhifadhi Hale, dola ya kwanza ingenunua bati la nyumba ndogo. Nguzo za matajiri hazikosi wa kuzipaka rangi.

Huo ndio mtazamo wangu. Wewe unaonaje?