NOTISI YA NYUMBA NI HAKI, SI HISANI

Ndugu wafanyi kazi,

Kila mwisho wa mwezi twasikia malalamiko ya namna moja. Mpangaji amelipa kodi yake, kisha mwenye nyumba amwambia mlangoni, "Jumamosi uwe umehama." Asipohama, mlango wang'olewa au mabati yaezuliwa, na watoto walala nje.

Hatusemi kwamba mwenye nyumba hana haki ya kutaka nyumba yake. Lakini iko njia, nayo imeandikwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba nyumba ikikodishwa mwezi kwa mwezi, wala hakuna mapatano mengine juu ya notisi, basi notisi isipungue mwezi mmoja, tena imalizike siku ya kulipa kodi. Tufanye mfano. Kodi yako hulipwa tarehe 1. Mwenye nyumba akikuletea notisi tarehe 10 Juni, hawezi kukutoa tarehe 10 Julai. Siku ya karibu kabisa ni tarehe 1 Agosti.

Nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zalindwa zaidi na Sheria ya Kuzuia Kodi. Huko notisi peke yake haitoshi. Mwenye nyumba lazima aende mbele ya Mahakama ya Kodi aonyeshe sababu inayokubaliwa na sheria, kama vile kodi kutolipwa.

Kazini, Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mtu wa mshahara wa mwezi notisi ya siku 28 kwa maandishi, isipokuwa kwa kosa kubwa. Tajiri akiivunja twasimama pamoja. Mbona nyumbani twanyamaza?

Lakini haki huenda na wajibu. Sisi nasi tukihama tutoe notisi ile ile, na kodi ilipwe mpaka siku ya mwisho. Anayehama usiku kukwepa deni amharibia jina mpangaji ajaye.

Basi, ndugu, dai risiti kila mwezi. Dai notisi ya maandishi, na uandike tarehe uliyoipokea. Na jirani akitolewa kwa nguvu, msifunge milango yenu. Tokeni, muwe mashahidi, mje naye katika ofisi ya chama. Kidole kimoja hakivunji chawa.