Hei ya Farasi Isipimwe kwa Macho

Wafugaji wengi wa farasi huchagua hei kwa rangi na harufu: ikiwa ya kijani na yenye kunukia, huhesabiwa kuwa bora. Vigezo hivyo vyafaa kubaini ukungu na vumbi, lakini havioneshi sukari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa farasi mwepesi wa kupata laminaitisi, sukari hiyo ni hatari. Katika maradhi haya, tishu zinazoushikilia mfupa wa mwisho wa mguu ndani ya kwato hulegea, mfupa huzama kwa uzito wa mnyama, na kila hatua huwa mateso. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwapa farasi wadogo wenye afya insulini nyingi mfululizo, huku wakidhibiti glukosi ya damu isipande wala kushuka. Farasi hao waliugua ndani ya saa 72. Msomaji mwenye kisukari cha aina ya pili hatashangaa kusikia kwamba mwili usioitikia insulini huilazimisha kongosho kuitoa kwa wingi; kwa farasi, wingi huo huishia kwatoni.

Kwa maoni yangu, hei ya mnyama kama huyo ipimwe maabara kabla ya kununuliwa. Sukari na wanga kwa pamoja visizidi asilimia 10 hadi 12 ya uzito mkavu. Nyasi hutengeneza sukari wakati wa jua na kuitumia usiku; usiku ukiwa wa baridi, kama ilivyo katika nyanda za juu za Kenya, sukari nyingi husalia. Ndiyo maana marobota mawili ya nyasi za aina moja yaweza kutofautiana sana.

Kuloweka hei katika maji baridi kwa saa moja na kuyamwaga maji hayo hupunguza sukari, lakini kiasi kinachotoka hakitabiriki, na madini nayo hupotea. Kumshindisha mnyama njaa ni hatari zaidi, hasa kwa punda na farasi wadogo, kwani mafuta hufurika katika damu. Farasi wa kilo 400 anayepunguzwa uzito bado ahitaji takriban kilo 6 za chakula kikavu kwa siku.

Gharama ya kipimo isiwe kisingizio. Wafugaji wanaonunua shehena moja wachangie sampuli moja, na madaktari wa mifugo wadai majibu yake kabla ya kushauri lishe, kama tunavyodai majibu ya damu kabla ya kuandika dawa.