Kioo Kimekwama? Usikimbilie Spea

Leo tuweke tarakilishi kando kidogo, nizungumze kuhusu gari langu kuukuu. Msiondoke, mwishoni tutarudi kwenye programu.

Gari lenyewe ni la mwaka 1996 kutoka Japani. Juzi nilikuwa nikimrudisha mama kutoka kliniki, nikawa nimeshusha kioo cha upande wake nusu ili apate hewa. Mvua ikaanza. Nikabonyeza swichi ya upande wangu kukipandisha: kimya. Mama akajaribu swichi ya mlango wake: kimya. Akaibonyeza upande wa pili, na kioo kikashuka hadi chini kabisa! Tulimaliza safari amejikinga kwa koti langu. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake nikampelekea fundi. Akabonyeza swichi mara mbili, akatikisa kichwa. "Bosi, mota imeungua. Utapata iliyotumika pale Kirinyaga Road kwa 4,500. Kazi yangu 1,000." Dakika moja haikuisha. Hakuniuliza tatizo lilianzaje, nami sikumwambia.

Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza: mota iliyoungua ilishushaje kioo jana?

Katika magari mengi ya umri huo, mota ya dirisha ina waya mbili tu. Swichi ikiwa imetulia, waya zote mbili zimeunganishwa na bodi ya gari, yaani upande wa hasi. Ukibonyeza kupandisha, waya moja inapewa volti 12 na ile nyingine inabaki kwenye hasi. Ukibonyeza kushusha, zinabadilishana kazi, na mota inazunguka kinyume. Basi, ni hayo tu.

Sasa fikiri kama mtu anayesaka hitilafu kwenye programu. Kioo kimeshuka, kwa hiyo fyuzi ni nzima, mota ni nzima, na waya zote mbili zinapitisha umeme, maana kushuka pia kunazihitaji zote mbili. Kinachobaki ni swichi.

Dalili nyingine nazo zinasema. Ukisikia mota ikilia lakini kioo hakisogei, kagua kamba ya chuma au meno yanayoinua kioo. Ukibonyeza na taa ya ndani ikafifia kidogo, umeme unafika lakini kuna kitu kimekaza. Kukiwa kimya kabisa pande zote mbili, angalia fyuzi, kisha waya zinazopita kwenye bawaba za mlango, kwa sababu hukunjwa kila mlango unapofunguliwa na mwishowe hukatika. Na kabla ya yote, hakikisha hujabonyeza kile kitufe cha dereva cha kufungia madirisha ya abiria. Usicheke, yametokea.

Jumamosi nilichomoa waya wa hasi wa betri, nikatoa swichi ya mlango wa mama kwa bisibisi, nikaifungua. Kijibamba kimoja cha shaba kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Nikakisugua taratibu kwa msasa laini, nikapangusa kwa spiriti, nikarudisha kila kitu. Kioo kikapanda. Gharama: msasa, pamba na saa moja.

Hapa wengi mtasema fundi alitaka kunila. Mimi sikubali. Hebu tuseme angekaa saa nzima, afungue swichi, aisafishe, kisha aniombe 1,000. Nina hakika ningelalamika: "Si umepangusa tu?" Lakini 5,500 za mota ningetoa, kwa sababu mota ni kitu ninachoweza kukishika mkononi. Tunalipia spea, hatulipii kufikiri. Kwa hiyo tunauziwa spea.

Nalijua hilo kwa sababu na mimi linanipata. Mteja hununua tarakilishi mpya bila kusita mfumo wake ukienda polepole, lakini nikimletea hesabu ya siku mbili za kutafuta mstari mmoja uliokosewa, ananiuliza nilikuwa nikifanya nini siku zote hizo.

Na mambo yatazidi kuwa magumu. Katika magari mengi mapya, swichi hutuma ujumbe tu kwa kompyuta iliyo ndani ya gari, na hiyo ndiyo inayoamrisha mota. Huko kubahatisha ni ghali zaidi.

Jumatatu nilirudi kwa fundi, si kugombana. Nilimwonyesha picha ya kile kijibamba cheusi, akacheka, akasema angejua kioo kilishuka mvuani asingetaja mota. Tumekubaliana hivi: kila nikimpelekea gari, namweleza tatizo lilianzaje, namlipa kwanza kwa kutafuta, halafu ananionyesha alichokipata. Spea ni baadaye, kama itahitajika.

Jaribuni hivyo na mafundi wenu. Na sisi waandishi wa programu, tuanze kuwatoza wateja kwa njia hiyo hiyo bila aibu.