Uchovu wa Askari na Waliougeuza Kuwa Kosa

Tunapozungumzia dawa za kulevya katika mikutano ya jumuiya zetu, macho yetu humwendea upesi kijana wa kijiweni. Twasema hana malezi, ameifuata dunia. Ni mara chache tunakumbuka kwamba katika karne ya 20 dawa za namna hiyo zilipata kugawiwa na serikali, kwa amri iliyoandikwa, kwa vijana waliovaa sare. Waliozigawa walikuwa madaktari na maofisa, watu wa kuheshimiwa.

Mwaka 1938 kampuni ya Temmler ya Berlin ilianza kuuza vidonge vya methamfetamini kwa jina la Pervitin. Aliyevimeza hakusikia usingizi wala njaa, akajiona hodari kupita kiasi. Otto Ranke, daktari katika chuo cha tiba cha jeshi la Ujerumani, alikuwa akitafuta njia ya kuushinda uchovu wa askari, naye akavijaribu kwa wanafunzi. Mwezi wa Aprili 1940, jeshi lilipojiandaa kuivamia Ufaransa, ikatolewa amri juu ya matumizi ya vidonge hivyo. Kati ya Aprili na Julai mwaka huo, jeshi la nchi kavu na la anga yalipokea vidonge zaidi ya milioni 35 vya Pervitin na vya aina inayofanana nayo.

Miongoni mwa askari wa wakati huo alikuwapo Heinrich Böll, mtoto wa familia ya Kikatoliki ya mjini Köln, ambaye baadaye, mwaka 1972, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Barua alizowaandikia jamaa zake kutoka jeshini zimehifadhiwa. Katika barua hizo kijana huyu mpole, mpenda vitabu, anaomba mara kwa mara atumiwe Pervitin, kama vile mwingine angeomba soksi au sabuni. Hakuwa mhuni. Alikuwa amechoka, na mahali alipokuwa, kuchoka hakukuruhusiwa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Uchovu si adui wa mtu, bali ni mlinzi aliyewekwa mwilini na Muumba. Nabii Eliya alipochoka hata kutamani kufa, alilala chini ya mti. Malaika akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Mungu hakumkemea kwa kuwa dhaifu. Lakini jemadari anayemfukuzia askari usingizi kwa kidonge anamwondolea mlinzi huyo, kisha anamwamuru aue. Askari asiyelala siku tatu hapimi vema lililo mbele yake, naye mwenye kuamuru alijua hivyo. Mwaka 1941 serikali ya Ujerumani yenyewe iliiweka Pervitin chini ya sheria kali ya madawa ya kulevya, kwa kuwa madhara yake yalikuwa yameonekana wazi. Hata hivyo askari waliendelea kupewa.

Wenye kuuhesabu mwili wa askari kuwa chombo hawakuchelewa kuuhesabu mwili wa mfungwa hivyo hivyo. Mwaka 1944 jeshi la majini, likitafuta dawa ya kuwakesheza mabaharia wa nyambizi ndogo, liliwajaribia wafungwa wa kambi ya Sachsenhausen kokeni na methamfetamini, huku wakilazimishwa kutembea wakizunguka kambini bila kupumzika.

Asije mtu akasema hiyo ilikuwa dhambi ya Wanazi peke yao. Uingereza na Marekani ziliwapa askari na marubani wao amfetamini iliyoitwa Benzedrine, na huko Vietnam, kati ya 1966 na 1969, askari wa Marekani walipewa vidonge vya jamii hiyo vinavyokadiriwa kufikia milioni 225. Japani iliwapa methamfetamini wanajeshi wake, na pia wafanyakazi wa zamu za usiku katika viwanda vya silaha. Vita vilipokwisha mwaka 1945, akiba iliyobaki iliingia sokoni, watu wakaizoea. Sheria ya kuizuia ikatungwa mwaka 1951, na mwaka 1954 peke yake walikamatwa watu zaidi ya 55,000. Dawa iliyokuwa wajibu wa mzalendo ikawa kosa la raia.

Katika zama zetu jambo hili limevikwa vazi la hiari. Mwezi wa Aprili 2002, karibu na Kandahar nchini Afghanistan, rubani wa Marekani aliwaangushia bomu askari wa Kanada waliokuwa mazoezini, akaua wanne. Mawakili walieleza kwamba marubani walikuwa wamemeza amfetamini iliyotolewa na jeshi lao. Jeshi lilijibu kwamba dawa haikuwa chanzo, na kwamba rubani huimeza kwa hiari na kutia sahihi. Lakini fomu hiyo hiyo ilisema kwamba anayekataa aweza kuzuiwa kuruka. Sijui kama neno hiari lafaa hapo. Mtoto wa shule aweza kuona kwamba halifai.

Nchini Sierra Leone, katika vita vya 1991 hadi 2002, hata hiyo fomu haikuwapo. Ishmael Beah, aliyeingizwa katika jeshi la serikali akiwa na umri wa miaka 13, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2007 jinsi watoto walivyopewa vidonge, na kokeni iliyochanganywa na baruti. Waasi wa RUF nao walifanya vivyo hivyo kwa watoto waliowateka. Mwaka 2009 Mahakama Maalumu ya Sierra Leone iliwatia hatiani viongozi wa RUF, na kuwatumia watoto vitani kulikuwa miongoni mwa makosa yao. Huko, angalau mara moja, waliosimama kizimbani ni wakubwa waliotumia watoto, wala si watoto waliolishwa dawa.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa walei jambo moja dogo. Anapoletwa mbele ya kamati zenu mtu aliyewahi kushika bunduki, naye ameshindwa kuacha dawa, kabla ya kumwuliza alianza lini, mwulizeni kwanza ni nani aliyempa, na alikuwa na cheo gani. Jibu lake liandikwe.