Nguo za Marehemu Hazina Pepo



Kuna fundisho linazunguka makanisani mwetu kwamba mtu akifa nguo zake zichomwe, la sivyo roho ya mauti itabaki nyumbani. Mjane anamzika mume Jumamosi, Jumatatu anaambiwa awashe moto nyuma ya nyumba. Akisema anataka fundi akate yale mashati vipande, aviunganishe viwe blanketi la watoto, anaambiwa anafuga mizimu.

Hilo si Neno. Nalisema wazi.

Wenye fundisho hili hupenda Matendo 19:19. Haya, tuusome vizuri. Vilivyochomwa Efeso ni vitabu vya uchawi, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha, na waliovichoma ni wenyewe waliotubu. Hakuna shati la baba ya mtu pale. Tena panda juu kidogo, mstari wa 12: leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zinapelekewa wagonjwa, na wanapona. Sura ile ile!

Nenda Matendo 9. Dorkasi amelala maiti Yafa, wajane wanalia wakimwonyesha Petro nguo alizozishona. Petro aliwatoa nje, akapiga magoti, akaomba. Hakuuliza kiberiti kiko wapi. Utasema zile aliwashonea wengine. Sawa, na vazi la Eliya je? Alilivaa mwenyewe, na alipochukuliwa Elisha aliliokota akaenda nalo Yordani. 2 Wafalme 2.

Halafu kuna mitumba. Anayemtisha mjane kwa shati la mumewe, koti lake la mimbarini lilitoka Gikomba. Mwenyewe wa kwanza ni nani? Yuko hai? Wazee waliziita nguo hizo kafa Ulaya, na tumezivaa tukimsifu Mungu nazo miaka yote.

Na kuna jambo halisemwi. Mara nyingi nguo zinazoamriwa ziondolewe hazifiki motoni. Miezi miwili baadaye suti nzuri inaonekana kwa shemeji. Pepo wa suti mpya hutoka haraka sana, bila hata kufunga.

Mpaka upo. Ukianza kulisemesha blanketi, kuliomba ulinzi, umeingia Kumbukumbu la Torati 18, na hapo nitakukemea mimi mwenyewe. Lakini mtoto wa miaka sita akilala ameshika kola ya baba yake, haabudu wafu. Ana hamu na baba yake. Mwache.

Kwa hiyo akina mama mnaotaka kushona, shoneni. Fueni kwanza, pamba iende na pamba. Fulana huvutika, kwa hiyo fundi azibandike kitambaa kigumu upande wa ndani kwa pasi kabla ya kukata. Mifuko ya mashati iacheni kama ilivyo, watoto hupenda kuingiza mkono. Na shati moja msilifue. Lifungeni kwenye mfuko, likae na harufu yake mpaka mwenye msiba mwenyewe aseme.