Ruta ya dezo ilivyoniliza

Jamani, leo msinicheke. Mdogo wangu anasomea CCNA, ule mtihani wa mafundi mitandao wa Cisco. Ruta zenyewe ni ghali, halafu zikiwashwa zinanguruma kama mashine ya kusaga. Basi mafundi siku hizi wanatumia ruta hewa. Tofauti na wafanyakazi hewa, hizi kazi zinafanya! Unaweka programu kama GNS3 au EVE-NG kwenye kompyuta, humo ndani unapanga ruta hata kumi, unaziunganisha, unazivuruga, unaanza tena. Hadi hapo hakuna kosa. Ila GNS3 inakupa meza tu, chakula ulete mwenyewe, yaani ile programu inayoendesha ruta. Na Cisco hawaigawi ovyo.

Dogo akaipata ya dezo kwenye flashi ya mshikaji wake. Imekuja na kijiprogramu cha kughushi leseni, pamoja na maelekezo: zima kwanza kinga ya virusi. Na mimi, kaka mtu mjuaji, ndiye niliyebonyeza! Kompyuta yenyewe ni ile ile anayowekea shemeji yenu hesabu za duka. Kesho yake asubuhi mafaili yote yamefungwa, imebaki barua ya kudai pesa. Nani kakopa sukari, nani kakopa unga, miezi saba yote kwishnei.

Nilidhani ruta hewa haimdhuru mtu. Kumbe ukishaiunganisha na mtandao wa nyumbani, ni mgeni uliyemkaribisha sebuleni. Anaweza kuzifikia simu, televisheni, kila kitu. Hata ruta za kushikika huchezewa. Mwaka 2015 wataalamu wa Mandiant walitangaza kukuta ruta 14 za Cisco huko Ukraine, Ufilipino, Mexico na India, programu yake imebadilishwa kimyakimya ili mwizi awe na mlango wake. Sasa hiyo ya kwenye flashi, nani kaikagua?

Kinachoniuma, za bure halali zipo. Packet Tracer haidai senti. Cisco Modeling Labs ina toleo la bure la vifaa 5. MikroTik nao wanayo, mwendo tu wameubana, megabiti 1 kwa sekunde. Mwanafunzi anakimbilia wapi?

Dogo sasa ana kompyuta yake kuukuu, haigusi mtandao wa nyumba. Shemeji yenu karudi kwenye daftari, kalamu kaifunga kwa uzi, na mimi hataki hata nilisogelee.